Ufundi wa Kumtua Mtoto

Kwenye benchi la zahanati moja huko Temeke, siku ya kliniki, mtoto wa miezi minne hivi alikuwa amefika pale ambapo titi halisaidii na njuga inazidisha hasira. Mama yake, binti mdogo aliyevaa sare ya dukani, alikuwa amembeba kifuani kwa kibebeo cha mikanda na vifungo vya plastiki. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Mwanamke mtu mzima aliyekuwa foleni nyuma yake akanyoosha mikono. "Hebu nipe huyo mume wangu, mwanangu." Akavua kanga mabegani, akainama, akampitisha mtoto ubavuni mpaka mgongoni, pindo moja chini ya matako, jingine chini ya kwapa, akasokota fundo juu ya titi. Kisha akaanza kutembea kati ya benchi na mlango wa chumba cha mizani. Karani hajaita namba mbili, kilio kikawa mguno, mguno ukawa pumzi.

Benchi zima lilitabasamu. Hakuna aliyeshangaa. Kumnyamazisha mtoto mgongoni ni kazi ambayo wengi bado wanaimudu, na hata anayekosea kidogo husamehewa. Fundi hupimwa kwa kumtua.

Mbeleko yenyewe ina masharti yake. Kanga mpya haifai, kwa kuwa ina ukakasi wa kiwandani na fundo lake huteleza. Inayotakiwa ni ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, pamba tupu, iliyokwisha kuvaliwa jikoni, msibani na harusini. Ndiyo maana doti hukatwa vipande viwili, kimoja cha mwenyewe na kimoja cha mtoto, na kile cha mtoto ndicho hudumu nyumbani kuliko vyote. Mombasa wataiita leso. Goma na Lubumbashi ni kikwembe. Bara wengi hutumia kitenge, ambacho ni kizito zaidi na hushika vizuri wakati wa baridi. Zile za nailoni zinazong'aa, zinazouzwa sasa kwa bei ya kutupa, zimewavunja wengi moyo, na watoto zimewaponyosha.

Turudi kwenye kutua. Fundi hamtui mtoto kwa sababu kanyamaza. Husubiri, na habari anaipata mgongoni. Vidole vilivyokamata nguo hulegea. Shavu hubandika katikati ya mabega. Uzito wote hushuka kiunoni, maana mtoto aliyelala ni mzito kuliko mtoto yuleyule akiwa macho. Mizani ya kliniki hailijui hilo, lakini kila aliyewahi kubeba analijua. Joto nalo husomwa hapo. Mama mwenye uzoefu hutambua homa kwa mgongo kabla hajatafuta kipimajoto, na hutofautisha jasho la usingizi na jasho la ugonjwa bila kugeuka nyuma.

Hata hapo hamtui. Huketi kwanza ukingoni mwa kitanda, akivuma wimbo usio na maneno, kiganja kikipigapiga matakoni kwa mwendo unaozidi kupungua.

Kisha hujilaza yeye. Jambo hili haliandikwi kwenye karatasi ya maelekezo inayouzwa pamoja na kibebeo. Hujilaza kiubavu, mtoto akiwa bado mgongoni, mpaka kitanda kimpokee angali ameshikana na mwili. Ndipo fundo linafunguliwa kwa mkono mmoja, na mama anajichomoa kwenye kanga badala ya kumchomoa mtoto. Nguo inabaki na mtoto kwa muda, ina joto na jasho la mwenyewe. Mtoto anageuzwa taratibu alale chali, kisha kanga inaondolewa isije ikamfunika pua. Wakongwe waliokuwa wakikemea, "mwacheni mtoto apumue," walikuwa na sababu. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto wachanga chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache.

Sayansi imefika kwenye ukingo huo wa kitanda kwa kuchelewa. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, akiwamo Kumi Kuroda, walionyesha kwamba mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea, mapigo ya moyo wake hupungua na kilio hukoma, jambo ambalo halitokei kwa kiwango hicho mama akiwa ameketi tu. Mwaka 2022 walirudi na jibu la swali la kila usiku: mbona akiwekwa tu huamka? Walikuta kwamba kinachomwamsha ni kule kutengana na mwili wa mbebaji, wala si kuguswa na godoro. Ushauri wao ulikuwa kutembea naye dakika 5, kisha kuketi naye dakika 5 hadi 8 ndipo alazwe. Mwanamke wa Temeke hahesabu dakika. Lakini mtu akiweka saa mezani ataona kwamba mgongo wake nao hauko mbali na maabara.

Kabla yao kuna wengine waliopita njia hiyo. Huko Montreal, mwaka 1986, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba wazazi wawabebe watoto wao kwa saa tatu au zaidi kwa siku, bila kungoja walie. Watoto hao walipofika wiki sita walikuwa wakilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Karibu zaidi na nyumbani, Robert LeVine na wenzake walikaa na akina mama wa Gusii, magharibi mwa Kenya, katikati ya miaka ya 1970. Walipowaonyesha picha za video za akina mama wa Kimarekani, wale wa Gusii walisononeka: mbona mtoto analia na mama anachelewa hivyo kumfikia?

Kwa Wagusii kazi ya mgongo haikuwa ya mama peke yake. Alikuwapo omoreri, mlezi mdogo, mara nyingi dada wa mtoto, aliyembeba mama akiwa shambani. Kote katika nchi hizi ufundi huu umepitia kwa watoto wa namna hiyo. Msichana wa miaka minne alivunja hindi bichi lenye nywele, akalifunga mgongoni kwa kitambaa cha kupigia deki, akazunguka nalo uani akiliimbia. Shangazi akipita alimsimamisha, akalikaza fundo, akampiga kofi la mapenzi: "Mwanao ataanguka huyo." Miaka mitatu baadaye kitambaa kilikuwa kanga na hindi lilikuwa mdogo wake. Hakuna aliyekumbuka siku ya kwanza ya darasa.

Hicho ndicho kinachokatika. Kanga zipo tele, harusini na kwenye mikutano ya siasa. Lakini uani hakuna mtu. Shangazi yuko kazini, bibi yuko kijijini, msichana yuko shuleni, na ni haki yake awe huko. Mtoto anabaki na yaya wa miaka kumi na sita aliyetoka mkoani juzi, ambaye naye hakuwahi kufungiwa hindi mgongoni, na simu yenye katuni inaegemezwa kwenye kikombe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo. Kioo kimewekwa. Pembeni yake kuna kigari cha magurudumu cha kumsimamisha mtoto, kile ambacho Kanada ilipiga marufuku kuuzwa mwaka 2004 kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiviringika nacho ngazini. Hapa kinapangwa mbele ya maduka na riboni juu yake, zawadi ya mtoto kutimiza miezi sita.

Haina maana kuwasafisha wa zamani wakabaki malaika. Walimpa mchanga maji na uji kabla ya miezi sita, na tumbo likaharibika. Walipika na mtoto mgongoni, moshi wa kuni ukimwingia machoni na mafuta yakiruka karibu na mguu wake. Leo mbeleko hiyohiyo inapanda bodaboda, mtoto bila kofia ya kumlinda wala pa kushika, na mama anaona amemfunga vizuri. Miongozo ile ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inasema pia kwamba mtoto asizuiliwe zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kigarini, kitini au mgongoni. Bibi mzuri hakuhitaji kuambiwa: mtoto akichoka kubebwa alitandikiwa mkeka, akaachwa atambae na kula mchanga kiasi chake.

Wakati huko uani kunapwaya, ufundi wenyewe umesafiri. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyefanya kazi Togo miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko na watoto wao mgongoni, akarudi kwao akashona kibebeo pamoja na mama yake, na mwaka 1969 kikapata hataza. Kiliitwa Snugli. Vibebeo vya mikanda vinavyorudi Kariakoo kwenye maboksi ni wajukuu wa safari hiyo, na bei yake inanunua doti kadhaa.

Safari nyingine ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Daktari Edgar Rey, akiwa na mashine chache za kuwatunzia njiti na maambukizi mengi wodini, alianza kuwafunga watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wa uzito mdogo sana waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja waimarike, walikufa pungufu kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Kwa hiyo sasa, katika wodi za njiti, muuguzi mwenye watoto wengi mikononi humfundisha mzazi wa mara ya kwanza jinsi ya kukaza kanga ili kichwa cha mtoto wa kilo moja na nusu kisiiname kikaziba koo. Humwonyesha mara moja, mbili, kisha anaitwa kitanda kingine. Mzazi hubaki akilegeza na kukaza, akiogopa kuvunja. Nje, kwenye geti, mama yake aliyetoka kijijini na kanga tatu zilizolainika anangoja saa ya kuona wagonjwa, na mlinzi anamwambia bado.