ISTILAHI ZA RIMU NA TAIRI: UHAKIKI WA RASIMU YA MWONGOZO WA MADEREVA

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwa wakuzaji wa istilahi, ni chache zinazoonekana nyepesi kama zile zihusuzo magari. Gari liko mitaani, sehemu zake zina majina, na mafundi hawajapata kushindwa kuagizana spana kwa sababu ya upungufu wa lugha. Hata hivyo, rasimu moja ya mwongozo wa madereva na maofisa ugavi, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na kuletwa kwetu ili tuitolee maoni, imetuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu. Sura yake ihusuyo uchaguzi wa vipimo vya rimu na tairi kwa magari makubwa ya njia mbaya ina Kiswahili kinachosomeka vizuri, lakini mtu akikifuata kama kilivyoandikwa ataagiza tairi lisilofaa.

Katika makala haya hatukusudii kumlaumu mfasiri. Makosa yake ni ya wengi, na baadhi yake yamekwisha kuingia katika hati za zabuni na matangazo ya biashara. Tunakusudia kuonyesha mahali ambapo neno limepotosha jambo, na kupendekeza la kushika nafasi yake.

1. Jina la gari lenyewe

Rasimu inaliita gari linalohusika "gari la magurudumu manne". Tafsiri hii imezoeleka mno hata haishtui tena masikio, lakini haisemi kitu. Teksi ina magurudumu manne, na hata mkokoteni mkubwa unayo manne. Kinachotofautisha gari hili si idadi ya magurudumu bali ni kwamba nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu yote manne badala ya mawili. Twaona yafaa liitwe "gari la mvuto wa magurudumu manne", kwani mafundi wetu husema gari "linavuta" mbele au nyuma.

Lakini hapo pia pana hadhari. Magari yanayojulikana duniani kwa herufi tatu SUV si lazima yawe na mvuto huo. Mengi yanayouzwa leo yana umbo la kuinuka tu, nayo huvuta kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo istilahi mbili zinahitajiwa: moja ya umbo, nyingine ya mvuto. Anayefasiri herufi hizo neno kwa neno hupata "gari la michezo na matumizi", ambalo msomaji atadhani ni la kubebea wachezaji mpira. Mitaani Tanzania kuna neno "shangingi", lenye nguvu na ladha. Hata hivyo, neno hilo hubeba kejeli juu ya ukubwa wa vyeo na lina maana nyingine isiyo ya heshima kwa wanawake, kwa hiyo haliwezi kukaa katika hati ya serikali. Kwa umbo, tunapendekeza "gari la nyika". Atakayesema kwamba mengi hayatoki mjini atakuwa amesema kweli, lakini jina la chombo hutokana na kilivyoundwa, wala halitokani na anayekimiliki.

2. Gurudumu, rimu na tairi

Kichwa cha sura hiyo ni "Kuchagua ukubwa wa gurudumu na tairi". Msomaji mwangalifu atauliza: je, tairi si sehemu ya gurudumu? Swali hilo ni la haki. Katika Kiswahili, gurudumu ni kitu kizima kinachozunguka: chuma na mpira wake kwa pamoja. Dereva aliyepata pancha hubadilisha gurudumu. Mziba pancha ndiye anayelitoa tairi kwenye rimu. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa lina maana pana na maana finyu, na katika muktadha huu maana yake ni ile finyu, yaani chuma peke yake. Mfasiri alichukua neno la kwanza katika kamusi akaacha muktadha.

Matokeo yake ni mabaya kuliko yanavyoonekana. Rasimu inasema "gurudumu kubwa hupunguza ulaini wa safari". Tukishika maana ya Kiswahili, kauli hiyo si kweli, kwa sababu gurudumu kubwa kwa jumla laweza kuwa na ubavu mnene wa mpira na likapokea mashimo vizuri zaidi. Kauli ni kweli tukisema rimu kubwa ndani ya tairi ambalo kimo chake cha nje hakikubadilika.

Wapo watakaochukia "rimu" kwa kuwa ni neno la kukopa, tena tunalo tayari kwa karatasi. Sisi hatuoni tatizo. Hakuna karani atakayefunga rimu ya karatasi kwenye gari. Tena neno hili limekwisha kukaa katika vinywa vya watu pamoja na tairi, breki, pancha na beringi, na istilahi inayotumiwa na watu wa kazi yenyewe ising'olewe ila kwa sababu nzito.

3. Mstari wa namba ubavuni mwa tairi

Kiini cha sura ni maelezo ya mstari ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Tutumie mfano wa 265/65 R17 112S, kipimo kinachopatikana katika magari mengi ya Toyota Land Cruiser Prado. Rasimu imeufasiri mstari wa namna hii hivi: upana 265, kimo 65, rimu 17, uzito kilo 112. Katika mambo manne hayo, ni la kwanza tu lililo salama, nalo halikutajiwa kizio.

Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Namba 65 si milimita. Ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172 na robo. Kuiita "kimo" peke yake ni kumfanya msomaji aamini kwamba ubavu wa tairi hilo hauzidi sentimita saba. Pendekezo letu ni "asilimia ya kimo". Si fupi sana, lakini haidanganyi.

Herufi R ndiyo iliyopotosha wengi kuliko zote. Kwa kuwa hufuatwa na namba ya rimu, imedhaniwa kuwa ni kifupisho cha neno rimu. Sivyo. Inaonyesha jinsi nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa: zimevuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, pembe mraba na mwelekeo wa kuzunguka. Mtindo huu ulipewa hataza na kampuni ya Michelin mwaka 1946. Tairi la mtindo wa zamani lina nyuzi za mshazari zinazokatana, na mahali pa R huwekewa kistari, kama 7.50-16. Kuchanganya aina hizi mbili katika ekseli moja ni hatari, kwa sababu hazishiki barabara sawasawa. Ofisa aliyefundishwa kwamba R ni rimu hawezi kujua kwamba 7.50 R16 na 7.50-16 ni tairi mbili tofauti. Tunapendekeza "tairi la nyuzi nyoofu" na "tairi la nyuzi mshazari". Anayependa kusema "rediali" hatutamzuia, mradi aifafanue mara ya kwanza.

Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi mstari mmoja una milimita, asilimia na inchi, wala hakuna kizio hata kimoja kilichoandikwa. Hii ndiyo sababu mwongozo wa Kiswahili hauna ruhusa ya kunyamaza pale ambapo tairi limenyamaza.

Namba 112 ni kosa zito kuliko yote. Hiyo si kilo 112 hata kidogo, bali ni namba ya jedwali la kimataifa, na katika jedwali hilo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Namba 109 ni kilo 1,030. Anayesoma namba hizo kama kilo ataona tofauti ya kilo tatu, kitu ambacho hakistahili kumkosesha mtu zabuni. Kwa kweli tofauti ni kilo 90 kwa kila tairi, na kilo 360 kwa matairi manne. Gari la hospitali ya wilaya linapopakiwa watu, madawa na mapipa ya mafuta, kilo hizo ndizo zinazoamua kama tairi litafika. Namba hii tunaiita "namba ya mzigo". Herufi S inayoifuata ni "alama ya mwendo": S ni kilomita 180 kwa saa, Q ni 160, T ni 190 na H ni 210.

4. Neno "ukubwa"

Rasimu inatumia neno "ukubwa" zaidi ya lingine lolote, na kila mara kwa maana tofauti. Tuchukue vipimo viwili ambavyo Prado huja navyo kutoka kiwandani: 265/65 R17 na 265/60 R18. Kipi ni kikubwa? Rimu ya pili ni kubwa kwa inchi moja. Lakini tukipiga hesabu, kipenyo cha nje cha la kwanza ni milimita 776.3, na cha la pili ni 775.2. Kwa jumla ni sawa, isipokuwa ubavu wa mpira umepungua kutoka milimita 172 hadi 159. Kwenye lami tofauti hiyo huleta usukani mwepesi kuitika. Kwenye njia ya mawe huondoa sehemu ya mto unaoikinga rimu isipinde.

Sasa tuchukue 285/70 R17. Rimu ni ileile ya inchi 17, lakini kipenyo cha nje ni milimita 830.8, yaani zaidi kwa asilimia 7. Ekseli itainuka milimita 27, jambo linalotamaniwa na wengi. Lakini iwapo kipimamwendo kilikuwa sahihi kwa tairi la awali, kikionyesha 80 gari litakuwa linakwenda karibu 86. Injini itasukuma kwa shida zaidi mlimani, na tairi laweza kugusa madigadi usukani unapokatwa. Haya yote hayawezi kuelezwa kwa "ukubwa". Yanahitaji "kipenyo cha rimu", "kipenyo cha nje" na "kimo cha ubavu", kila kimoja mahali pake.

5. Duara la nati na mhamo

Kuhusu rimu, rasimu inatosheka kusema iwe na "matundu sawa". Idadi ya matundu haitoshi. Prado ina nati sita katika duara la kipenyo cha milimita 139.7, Land Cruiser 200 ina tano katika duara la milimita 150, Land Rover Defender ya zamani nayo ina tano, lakini duara lake ni la milimita 165.1. Rimu za hayo mawili ya mwisho zina matundu sawa na haziingiliani. Istilahi inayofaa ni "duara la nati".

Lipo jambo la pili ambalo rasimu imelipa jina "kina". Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye kitovu cha ekseli, nao huandikwa kwa milimita baada ya herufi ET. Hicho si kina cha kitu. Ni kiasi ambacho uso huo umehama kutoka katikati. Tunapendekeza "mhamo". Mhamo ukipungua, gurudumu hutokeza nje na beringi hubeba mzigo usio wake.

6. Upepo

Hapa mfasiri amekosea kwa kutaka usanifu kupita kiasi. Ameandika "msukumo wa hewa ndani ya tairi" kila mahali. Kitabu cha fizikia kina haki ya kutumia "kanieneo", na kiendelee nalo. Lakini dereva hujaza upepo, hupima upepo na hupunguza upepo anapoingia mchangani ili tairi litandaze mguu wake. Aambiwe kwamba upepo hupimwa tairi likiwa baridi, na kwamba aliyepunguza mchangani aongeze kabla ya kurudi barabarani. Neno la watu likiwa sahihi, kulikimbia ni ubadhirifu.

Mapendekezo

Gari la nyika: gari lililoinuka, lenye umbo la kufaa njia mbaya.
Mvuto wa magurudumu manne: nguvu ya injini kufika magurudumu yote.
Gurudumu: rimu na tairi kwa pamoja.
Rimu: chuma kinachobeba tairi.
Ubavu: sehemu ya tairi kati ya ukingo wa rimu na sehemu ikanyagayo barabara.
Asilimia ya kimo: kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana.
Kipenyo cha nje: kipenyo cha gurudumu zima.
Tairi la nyuzi nyoofu. Tairi la nyuzi mshazari.
Namba ya mzigo. Alama ya mwendo.
Duara la nati, mhamo.
Upepo.

Hitimisho

Tumesikia hoja kwamba kazi hii haina maana kwa kuwa namba ni zilezile katika lugha zote, na fundi huzijua. Fundi huzijua kweli. Lakini anayejaza fomu ya zabuni si fundi, anayeidhinisha malipo si fundi, na dereva anayepokea tairi jipya huambiwa tu atie sahihi. Watu watatu hao husoma Kiswahili, na Kiswahili kikiwaambia kwamba 112 ni kilo na R ni rimu, watatia sahihi kwa nia njema.

Tunaomba wafasiri wenzetu washike kanuni moja: kabla ya kutafuta neno la Kiswahili, waulize kitu chenyewe ni nini na hupimwa kwa nini. Waalimu wa shule za ufundi tunawaomba watuletee maneno wanayoyasikia karakana, hasa yale yanayopingana na haya tuliyoyapendekeza.