Bibi wa Mifupa wa Capula

Anayetaka kupima ustadi wa mfinyanzi wa Capula na aanze na vidole vya sanamu yake. Kila kimoja ni uzi wa udongo, umegawanywa kwa viungo vyake, na bado mkono wa sanamu umeshika kipepeo cha kujipepea kana kwamba umezoea karamu.

Capula ni mji mdogo karibu na Morelia, katika jimbo la Michoacán nchini Meksiko. Wenyeji wake walijulikana kwa vyungu, na kwa sahani zenye maua yaliyochorwa nukta kwa nukta. Mnamo miaka ya 1980, mchoraji Juan Torres, aliyehamia hapo, alianza kufinyanga Catrina: bibi wa mifupa mitupu, mwenye gauni refu na kofia pana. Mji ukamfuata.

Bibi huyu alikuwa na historia. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, alichora fuvu lenye kofia kuwakejeli waliokana asili yao ya wenyeji wa Amerika wakajifanya Wazungu. Mwaka 1947 mchoraji Diego Rivera akampa mwili na mavazi katika mchoro wake mkubwa wa ukutani. Lakini karatasi na ukuta havidai mbavu zisimame zenyewe. Udongo unadai.

Ndiyo maana gauni hutangulia. Huwa na uwazi ndani, nalo hubeba kiuno chembamba, mbavu zilizoachana, shingo, fuvu, na juu kabisa kofia iliyosheheni maua na manyoya. Udongo ukiwa mnene mno, au ukibaki na unyevu, hupasuka tanurini. Ukiwa mwembamba mno hukatika kabla ya kufika huko. Vidole hukauka upesi kuliko gauni, kwa hiyo kazi hukaushwa taratibu, kivulini. Haraka hapa huvunja kazi nzima.

Fuvu halina midomo wala macho, hata hivyo bibi huyu ana maringo. Yote yamo katika shingo iliyoinamishwa kidogo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mfinyanzi.

Sikukuu ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, huleta wanunuzi wengi. Ukiwa mmoja wao, chunguza maua ya kofia: petali zikifanana zote, huenda zimetoka kwenye kalibu. Zikitofautiana, kuna mtu aliyezibana moja moja. Huyo usimwombe apunguze bei.