Mwanamke Asiye na Jina

Tamthilia ya Mzalendo Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ilitolewa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1976. Wengi huisoma kwa ajili ya shujaa aliyetajwa jaladani. Nakusihi uisome mara ya pili kwa ajili ya mwanamke abebaye mkate.

Ndani ya mkate huo imefichwa bunduki. Mwanamke apita nayo mbele ya askari wa mkoloni kama mtu asiyejua neno. Kumbe ni mjumbe wa wapiganaji, na nia yake ni kumwokoa Kimathi. Njiani amkuta mvulana akimfukuza msichana kwa sababu ya fedha. Amwonya, amfunza, na mwishowe watoto hao wawili ndio warithi wa kazi yake. Hapa watunzi wanastahili sifa. Hawakumweka mwanamke jikoni akimlilia mumewe. Wamempa siri, busara, silaha na wanafunzi.

Wala hayo si ndoto za watunzi. Katika vita vya Mau Mau, chakula, risasi na habari vilifika msituni kwa mikono ya wanawake. Serikali ya kikoloni ilitambua hivyo: tangu mwaka 1954 iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuwatia katika vijiji vyenye ulinzi, ili wapiganaji wakose chakula. Adui hajengi boma kuzuia jambo dogo. Tena wako walioshika silaha wenyewe. Muthoni wa Kirima alipanda hata cheo cha juu kabisa cha jeshi lile, na hakutoka msituni mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Hata hivyo, nina lawama moja. Nilipokuwa nikiifundisha tamthilia hii, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyu mama aliitwa nani?" Nikafungua orodha ya wahusika. Ameandikwa "Mwanamke", basi.

Waweza kunijibu kuwa watunzi walikusudia awe mfano wa wanawake wote. Jibu hilo lina uzito, nami silikatai. Lakini Kimathi naye ni mfano wa wapiganaji wote, na jina lake halikufutwa kwa sababu hiyo. Mtu asiye na jina husifiwa kwa maneno, kisha husahauliwa. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007, naye Muthoni alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 2023. Ni wanafunzi wangapi darasani mwako wawezao kumtaja?

Basi nahukumu hivi: tamthilia hii imemfungulia mwanamke mlango wa heshima, lakini imemwacha kizingitini. Kumwingiza ndani ni kazi yetu sisi wasomaji. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi tulio na kalamu tumpe haki iliyo nyepesi kuliko zote. Utakapokwenda kwenu likizo, keti na mkongwe mmoja, umwulize ni akina mama gani waliopeleka chakula msituni. Usiandike "mwanamke". Andika jina lake.