Mwenye Nyumba Asiyeonekana katika Bedknobs and Broomsticks

Katika sanaa ya filamu, mhusika asiyeonekana ni yule ambaye hapiti mbele ya kamera wala hasikiki akisema, ilhali mali zake, uamuzi wake au kuondoka kwake kunaendesha kisa kiasi kwamba akifutwa, kisa nacho kinakatika. Mhusika wa namna hiyo yumo katika Bedknobs and Broomsticks, filamu ya muziki ya Walt Disney iliyotoka mwaka 1971, ikaongozwa na Robert Stevenson na kutungiwa nyimbo na ndugu wawili, Richard na Robert Sherman. Huyu ni mwenye nyumba ya kifahari jijini London aliyehama baada ya bomu kuanguka mbele ya nyumba yake bila kulipuka. Hana sura wala sauti, na ndiyo maana ni rahisi kumpita. Hata hivyo, mchango wake katika msuko, yaani mpangilio wa matukio yanayosababishana, unawazidi wahusika kadhaa wenye majina na nyimbo zao.

Kisa kinatendeka mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watoto watatu yatima, Charlie, Carrie na Paul, wanahamishwa kutoka London na kukabidhiwa kwa Miss Eglantine Price, anayeigizwa na Angela Lansbury, mwanamke anayejifunza uchawi kwa njia ya posta akiwa na nia ya kuisaidia nchi yake dhidi ya Wajerumani. Chuo chake kinapofungwa kabla hajapata somo la mwisho, wote wanne wanapanda kitanda cha uchawi na kwenda London kumtafuta mkuu wa chuo, Emelius Browne, ambaye wanamkuta akifanya viinimacho barabarani, fukara na tena laghai, kwa kuwa masomo aliyokuwa akiyauza aliyanakili kutoka katika kitabu cha kale bila kujua kwamba maneno yake yana nguvu ya kweli.

Hapo ndipo waandishi wa skripti, Bill Walsh na Don DaGradi, walipokutana na tatizo ambalo vitabu vya Mary Norton, chimbuko la filamu, havikuwa nalo. Katika kitabu cha pili cha Norton, Emelius ni mganga wa karne ya 17, na watoto humfikia kwa kusafiri nyuma katika wakati. Mtu wa enzi yake anaishi katika nyumba ya enzi yake, na hakuna la kueleza. Alipohamishiwa katika London ya vita, ilibidi apewe makazi. Fukara angestahili chumba cha kupanga, lakini chumba cha kupanga kisingekuwa na maktaba ya kumpa hadhi ya msomi mbele ya Miss Price, kisingekuwa na nafasi ya wimbo anaomwimbia humo akimshawishi washirikiane, na zaidi ya yote kisingekuwa na chumba cha watoto. Nyumba ya tajiri ingekuwa na vyote hivyo, ila ingekuwa na mwenyewe pia.

Bomu moja linayamaliza yote. Linaeleza kwa nini mwenyewe hayupo, kwa nini aliondoka haraka akaacha vitu vyake mahali pake, kwa nini majirani hawamfukuzi mvamizi, na kwa nini Browne, asiye na cha kupoteza, amethubutu kuingia. Jambo hili halikubuniwa kwa ajili ya kuchekesha tu, kwa maana katika mashambulizi ya anga ya mwaka ule mabomu mengi yalianguka London bila kulipuka, na wakazi wa mitaa iliyohusika waliamriwa kuondoka hadi wanajeshi wa uhandisi wayategue. Ustadi wa waandishi uko katika uchache wa maneno: maelezo mafupi ya Browne anapowakaribisha wageni wake yanatosha, na baada ya hapo vitu vinasema vyenyewe.

Chumba cha watoto ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Wapambaji wa mandhari wamekijaza vitu vya kuchezea na vitabu vya picha, na watoto watatu waliopoteza kwao wanavichezea vitu vya watoto wengine ambao nao, kwa mantiki ya kisa, wamehamishwa na vita ileile. Hakuna anayelisema hili. Kamera haihitaji kulisema. Humo Paul, aliye mdogo kuliko wote, anakipata kitabu cha picha kuhusu kisiwa cha Naboombu kinachotawaliwa na wanyama, na kitabu hicho kinabeba nusu ya pili ya filamu. Ndicho kinachowapeleka kisiwani kutafuta nyota yenye maneno ya uchawi ya lile somo la mwisho. Na nyota hiyo inapotoweka baada ya safari, ndicho kinachotoa maneno yaleyale, ambayo yalikuwa ndani yake tangu mwanzo. Kwa maneno hayo Miss Price anazitia uhai deraya za kale na kuwatimua askari wa Kijerumani waliotua pwani. Ukiufuata mnyororo huu kinyumenyume, ushindi wote unaanzia kwenye rafu ya mtu ambaye hakuonekana hata mara moja.

Uteuzi wa mwigizaji unaiongezea mbinu hii uzito. Browne anaigizwa na David Tomlinson, ambaye mwaka 1964, katika Mary Poppins ya mwongozaji huyohuyo na watunzi haohao, aliigiza George Banks, bwana wa nyumba aliyekuwapo kwa mwili huku moyo wake ukiwa benki. Miaka saba baadaye mwigizaji huyohuyo anaishi katika nyumba isiyo yake, na humo ndimo anapoanza kuwa baba wa watoto wasio wake. Aidha, filamu ilipopunguzwa kwa ajili ya kuonyeshwa kumbini, ulikatwa wimbo ambao Browne alijitambulisha nao kama laghai wa barabarani, ukarejeshwa tu katika toleo la mwaka 1996. Hivyo, kwa watazamaji wa mwanzo, kazi ya kumsawiri Browne iliiangukia zaidi nyumba ile ya kuazima bila ruhusa.

Palipo na upungufu ni mwishoni. Browne anaondoka na askari akiahidi kurudi kwa Miss Price na watoto, lakini filamu hairudi kwenye nyumba ya London, haielezi kama bomu liliteguliwa, na haimrudishii mwenyewe kitabu chake wala kumtaja. Waandishi waliomtumia kwa umahiri mkubwa namna hiyo walidaiwa sana na mwenye nyumba wao, na sentensi moja ya Browne kabla ya kuondoka ingetosha kulilipa deni hilo.