Karani wa Efeso

Mahubiri mengi juu ya Matendo ya Mitume sura ya 19 humwandama Demetrio, mfua fedha aliyeona biashara yake ya vihekalu vya Artemi ikiyumba. Tukimaliza naye tunafunga Biblia, na karani wa mji tunamwacha amesimama mbele ya umati. Kwa maoni yetu, hapo hatumtendei Luka haki.

Watu wamepiga kelele kwa muda wa saa mbili. Karani anawatuliza kwa kuwakumbusha cheo cha mji wao: mtunza hekalu. Masikioni petu hilo ni jina la yule mzee mwenye funguo na ufagio, anayefika kanisani kabla ya kengele ya kwanza. Hata Kigiriki chenyewe, neokoros, wengi hukifasiri kuwa mfagiaji wa hekalu. Lakini katika jimbo la Asia neno hilo lilipanda ngazi hadi likawa heshima ya miji, hasa miji yenye hekalu la jimbo kwa ajili ya Kaisari. Mwaka 26 miji 11 ilishindania mbele ya baraza la Roma nafasi ya kumjengea Tiberio hekalu. Tacitus anasimulia kwamba Efeso iliachwa kwa kuwa ilikuwa imeshikwa na ibada ya Artemi, Smirna ikashinda. Miji mizima iligombea kibali cha kumwabudu mtu aliye hai!

Ndiyo maana maneno ya karani yanawaingia. Anagusa fahari yao kwanza, ndipo anataja hatari ya kushtakiwa kwa ghasia. Luka hamdhihaki mpagani huyu. Anampa busara, na kwa kinywa chake Gayo na Aristarko wanasalimika, huku Paulo akiwa amezuiwa asiingie. Hata hivyo msomaji ametoka sura ya 17, ambako Paulo aliwaambia Waathene kwamba Mungu hahitaji kutunzwa kwa mikono ya watu. Luka harudii hoja hiyo. Anaacha cheo kisikike chenyewe.

Efeso ilipata hekalu lake la Makaisari wakati wa Domitian. Alipouawa mwaka 96, jina lake lilikwanguliwa katika mawe ya wakfu, likaandikwa la baba yake, Vespasian. Cheo mji haukukiachia. Wakati wa Hadrian ulijiita mtunza hekalu mara mbili.