Msichana Asiyeripotiwa

Upelelezi wa mtu aliyepotea huanzia kwa mtu mwingine. Ni mama, baba au jirani anayefika kituoni na kusema fulani hajarudi nyumbani tangu juzi. Mtu huyo asipokuwepo, hakuna jalada linalofunguliwa. Ruth Rendell, mwandishi wa Uingereza, alilichukua jambo hilo dogo la kiofisi akalijengea riwaya nzima, Simisola, iliyotoka mwaka 1994. Mimi huirudia riwaya hiyo kila ninapochoshwa na hadithi za upelelezi zinazoendeshwa na bastola.

Mambo yanatokea Kingsmarkham, mji mdogo wa kubuni huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Huko ndiko Rendell alikomweka Inspekta Mkuu Reg Wexford tangu kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1964. Wexford ni mtu mzima, mwenye mwili mkubwa, mpenzi wa vitabu, ana mke na mabinti wawili wakubwa. Hana mbwembwe za Willy Gamba wa Elvis Musiba, wala kiko cha Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Kazi yake ni kuuliza, kwenda zake, na kurudi kuuliza tena.

Tunakutana naye kwa daktari, akiwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Daktari wake ni Raymond Akande, Mnigeria. Siku chache baadaye mambo yanageuka: daktari ndiye anayemwendea mgonjwa wake. Binti yake Melanie, msichana aliyemaliza chuo na kukosa kazi, alikwenda ofisi ya ajira kuonana na mshauri, na hajaonekana tangu hapo.

Tuangalie kilichofanyika hapo, maana kimefanywa kimyakimya. Binti wa miaka ishirini na kitu akikosekana nyumbani siku mbili, polisi wa nchi yoyote watakwambia ngoja kidogo, vijana ndivyo walivyo. Wexford mwenyewe karibu aseme hivyohivyo. Melanie anatafutwa mapema kwa sababu baba yake anajuana na mkubwa wa polisi. Rendell halisemi hilo hata mara moja. Anaacha heshima kati ya daktari na mgonjwa wake ifanye kazi yake, nasi tunaosoma, ambao tunajua vizuri kujuana kunavyofungua milango, tunapita tu bila kushtuka.

Kuna jambo la pili amelipanda pale pale mwanzoni. Wexford anajiona mtu asiye na ubaguzi. Akizungumza na Dokta Akande anakuwa mpole mno, anachagua maneno, anajipima. Ukisoma haraka utasema huyu ni muungwana. Ukisoma polepole utaona kwamba hawezi kukaa na mtu mweusi dakika tano akasahau kuwa ni mweusi. Deni hilo linakuja kudaiwa baadaye.

Basi uchunguzi unaanza. Mshauri aliyezungumza na Melanie, Annette Bystock, anakutwa kitandani kwake amenyongwa. Halafu maiti ya msichana mweusi inapatikana mwituni, imefukiwa juujuu. Kingsmarkham ina watu weusi wachache sana, na mmoja wao amepotea. Wexford anawaita wazazi mochwari.

Nimesoma riwaya nyingi zenye tukio la wazazi kutambua maiti. Karibu zote huliandika kwa machozi. Rendell analiandika kwa namna nyingine: shuka inafunuliwa, wazazi wanatazama, na huyo si mtoto wao. Afueni inapita upesi, kinachofuata ni hasira ya mama. Laurette Akande, muuguzi, mwanamke asiyependa upuuzi, anamwonyesha inspekta alichokifanya. Maiti ile ni ya msichana mdogo kuliko Melanie na hafanani naye kabisa, ila wote wawili ni weusi, na kwa ofisa huyu mwema, msomi, mpole, hilo lilitosha.

Uzuri wa mtego huu ni kwamba msomaji naye ameshanaswa. Sisi tulikuwa na picha ya Melanie, tulikuwa na maelezo yake, tungeweza kuuliza kama maiti ile inalingana naye. Hatukuuliza. Kitabu kilitupa maiti moja na msichana mmoja aliyepotea, tukaviunganisha wenyewe. Ndiyo maana naona kazi hii inafaa kitabu kuliko televisheni. Hadithi hii ilitengenezwa filamu ya televisheni mwaka 1996, na George Baker, aliyeigiza Wexford kwa miaka mingi, alifaa sana. Lakini kwenye kioo uso wa mtu ama unauonyesha ama unauficha kwa makusudi, na mtazamaji anajua unapofichwa. Kwenye ukurasa hakuna uso mpaka mwandishi aulete.

Kuanzia mochwari, riwaya inakuwa na wasichana wawili. Wa kwanza ana jina, picha, wazazi, shahada na daktari wa meno. Wa pili hana hata mtu wa kuuliza yuko wapi. Amepigwa mara nyingi kabla ya kufa, hilo mwili unalisema, lakini hakuna aliyefika kituo chochote kusema hajarudi. Wexford hapendi kumwita maiti, wala kumpa namba, kwa hiyo anamwita Sojourner, kwa kumkumbuka Sojourner Truth, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa utumwani akaja kuupigania uhuru wa wenzake. Inspekta anamchagulia jina hilo kabla hajajua lolote kuhusu maisha ya msichana huyo, na baadaye litamkaa kuliko alivyodhani.

Hapa Rendell anageuza utaratibu wa upelelezi. Kwa Melanie, Wexford anaanzia na maisha yake na kutafuta alipo: marafiki, mpenzi wa zamani, magomvi ya nyumbani. Kwa Sojourner anaanzia na alipo na kutafuta maisha. Anarudi kwenye nyumba zilezile ambazo keshafika, akakaa kwenye viti vyao, akanywa chai yao. Mtu muhimu kuliko wote kwenye njia hiyo ni Oni Johnson, mama mzaliwa wa Nigeria anayevusha watoto barabara mbele ya shule. Anashambuliwa na kulazwa hospitali akiwa mahututi, na hakuna anayejua kwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kama ana jambo la kueleza. Kumbe kuna siku msichana alisimama pale akamwuliza njia. Kisa kizima kinaning'inia kwenye swali la mtu asiyejua mji, alilomwuliza mwanamke ambaye magari yote husimama mbele yake na madereva wake hawamwoni.

Sitamtaja muuaji. Itoshe kusema kwamba Sojourner alikuwa mtumishi wa ndani, aliyeletwa Uingereza na waajiri waliowahi kuishi Ghuba, akifanya kazi bila mshahara na bila ruhusa ya kutoka. Msomaji wa Mombasa au Kampala hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anawajua mabinti waliokwenda Ghuba chini ya kafala, pasipoti zikabaki kwenye droo ya mwajiri. Rendell alikuwa anaandika kuhusu sheria halisi ya nchi yake. Miaka hiyo mtumishi aliyeingia Uingereza pamoja na mwajiri alifungwa kwake, na akimkimbia alipoteza haki ya kubaki nchini. Mwaka 1998 serikali iliruhusu watumishi hao kubadili mwajiri, na mwaka 2012 kamba ikakazwa upya.

Na siri hii yote Rendell alikuwa ameificha wapi? Mahali peupe. Katika nyumba kubwa anazozipita Wexford kuna sakafu zinazong'aa, bustani, karamu, nguo zilizopigwa pasi. Nani anafanya kazi zote hizo? Swali hilo halimjii inspekta kwa kurasa nyingi, wala halitujii sisi, na sisi hatuna hata udhuru, maana nyumba nyingi za kwetu zina dada wa kazi na tunajua vyombo havijioshi. Waandishi wengine wa fani hii huficha dalili kwa kuzitupia vumbi la dalili za uongo. Rendell ameiacha palepale akategemea desturi yetu ya kutotazama.

Kitabu hakikosi kasoro. Uchaguzi wa udiwani umepewa kurasa nyingi kuliko unavyostahili, na ukosefu wa kazi wa binti na mkwe wa Wexford unatukumbusha mada kwa sauti ya juu kidogo. Pengine ni mazoea ya zamani: Rendell aliwahi kuwa mwandishi wa gazeti la mtaani, na inasimuliwa kwamba aliacha kazi hiyo baada ya kuripoti chakula cha jioni cha klabu ya tenisi ambacho hakuhudhuria, asijue kwamba mzungumzaji alianguka akafa katikati ya hotuba. Tangu hapo, naamini, alihudhuria kila kitu. Mwaka 1997 aliingia Baraza la Malord upande wa chama cha Labour, akasaidia kupitisha sheria ya mwaka 2003 dhidi ya ukeketaji, na suala hilo likaja kuingia katika riwaya ya Wexford ya mwaka 2007 inayogusa jamii ya Wasomali.

Melanie, kwa wanaotaka kujua, yu hai. Alikuwa na sababu zake za kuondoka nyumbani, na wazazi wake wanahusika nazo kuliko wangependa. Rendell anamaliza habari yake kwa haraka, karibu kwa ubaridi, na nadhani amefanya sawa, kwani huyo ana watu wa kumshughulikia. Muda uliobaki anampa yule mwingine, mpaka mwishoni kabisa Wexford anapopata jina lake halisi, ndipo msomaji anapotambua kwamba amekuwa akilibeba mkononi, kwenye jalada la kitabu, tangu siku aliyokinunua.