Mgeni Anayejua Kuaga

Vitabu vya mbinu za utafiti huwa na kurasa nyingi juu ya kuingia: namna ya kuomba kibali, kuchagua kijiji, kujitambulisha, kuaminiwa na wenyeji. Juu ya kutoka huwa na aya chache, kana kwamba kazi hujifunga yenyewe siku daftari linapojaa. Mimi naamini vingine. Kufunga utafiti katika nchi ya watu ni ufundi kamili, una hatua zake na mafundi wake, na hapo ndipo hujulikana kama mwanafunzi alikuja kujifunza au alikuja kuchuma.

Ninapousifu ufundi huu naufikiria mwambao wa Ngumbo, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, iliyokuwa zamani sehemu ya Mbinga. Kaskazini kuna Lituhi, kusini Liuli. Nyuma vilima vinapanda kuelekea Umatengo, nchi ya Wamatengo, na mbele kuna Ziwa Nyasa, ambalo kina chake hufikia takriban mita 700. Watu wa mwambao huu ni wazoefu wa wageni. Pale Liuli limo kaburi la William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza aliyefika ziwani katika karne ya 19, akalizunguka kwa miguu na kwa meli, akafia hapo mwaka 1928. Huyo hakuondoka. Mwanafunzi wa utafiti ni mgeni wa namna nyingine: tangu siku anayoshuka na begi lake, kila mtu anajua kwamba ataondoka. Kinachosubiriwa ni kuona ataondokaje.

Hatua ya kwanza ya ufundi huu ni kuacha kukusanya. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Majuma ya mwisho yanapokaribia, mwanafunzi hushikwa na pupa: nyumba moja zaidi, mahojiano mawili zaidi, kijiji cha jirani ambacho hakukifikia. Aliye fundi huuzuia mkono wake. Huketi na madaftari yake yote, kuanzia la kwanza, akasoma kila ukurasa. Hapo hukuta vifupisho ambavyo yeye mwenyewe haelewi tena, bei isiyo na kipimo, kauli nzito isiyo na tarehe wala msemaji. Akiwa bado Ngumbo, pengo kama hilo huzibwa kwa kutembea hadi ufukweni na kuuliza. Akishafika Kyoto au Edinburgh, halizibiki kwa fedha yoyote. Basi huandika upya, hutia tarehe, hunakili sauti alizorekodi mahali pawili, na orodha ya majina halisi ya watu huiweka mbali na maneno yao, ili siri aliyopewa na mtu isije ikamrudia kwa njia ya kitabu.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kaskazini mwa ziwa hilihili kuna jibu. Godfrey Wilson, Mwingereza, na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa wa Rungwe kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, kabla sehemu kubwa ya kazi ile haijawa kitabu. Monica akaketi na maandishi yao wote wawili. Kitabu cha kwanza alichoandika juu ya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, cha mwisho mwaka 1977. Fikiria daftari linalotakiwa kusema kweli karibu miaka 40 baada ya kufungwa, tena kwa mtu ambaye hakuliandika. Anayeweka kumbukumbu zake sawasawa kijijini anamwandikia msomaji wa aina hiyo, hata kama bado hamjui.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kuwasomea wenyeji kile ulichodhani umekielewa. Lugha iwe Kiswahili chepesi, na wakati uchaguliwe kwa busara, si asubuhi mitumbwi inapotia nanga na usipa wanaanikwa. Waitwe wavuvi, na waitwe pia wanawake wanaoanika, wanaohifadhi na wanaouza, kwa maana mkutano wa wazee wa kiume peke yao husikia nusu ya habari za samaki.

Tuseme mwanafunzi amesoma uvuvi wa usipa. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu. Yeye ameandika kwamba siku za mbalamwezi Ngumbo hupumzika. Anasimama, anaamkia, “Shikamooni wazee wangu,” anaitikiwa marahaba, anasoma. Mama mtu mzima anainua mkono: “Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini wanaopumzika ni wenye taa. Mwenye nyavu za kutega bado anakwenda kutafuta magege. Na sisi tulioanika, hizo ndizo siku za kufunga magunia na kutafuta gari la Mbinga. Sasa nani amepumzika?” Kwa sentensi chache mama huyo amesahihisha sura nzima ya tasnifu, na amefanya hivyo kabla haijapigwa chapa. Hakuna msimamizi wa chuo, hata awe na jina kubwa kiasi gani, anayeweza kumpa mwanafunzi zawadi hiyo.

Kisha kuna madeni. Fundi wa kuaga huyataja kwa majina na kuyalipa yote: fedha za nyumba, nauli aliyokopa, kuku aliyechinjwa kwa ajili yake akaahidi kumlipia. Vyombo anavyoviacha, kama sufuria, godoro au taa ya sola, havigawi kwa kukurupuka. Humwuliza mwenye nyumba wake, ambaye anajua kitu gani kikienda kwa nani kitazua manung’uniko miezi kadhaa baadaye. Na huuchunga ulimi. Usiku wa kuagana moyo hulainika, na ahadi hutoka bila kupimwa: kisima, karo ya mtoto, tiketi ya ndege. Mtu wa kijijini huikumbuka ahadi kwa sababu aliichukulia kuwa neno la mtu mzima. Bora kuahidi picha zilizosafishwa na muhtasari wa kurasa chache, vikafika, kuliko kuahidi zahanati.

Zipo pia ofisi. Kibali cha mtafiti wa kigeni hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, jijini Dar es Salaam, kisha barua hushuka kupitia mkoa, wilaya na kata hadi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Wengi huishuka ngazi hiyo kwa unyenyekevu wanapokuja, halafu wanaporudi huiruka yote na kupanda basi. Adabu ni kuipanda upya daraja kwa daraja: kijijini, katani, Mbamba Bay makao makuu ya wilaya, Songea mkoani, hata Tume yenyewe inayosubiri ripoti. Kila ofisi iliyokufungulia mlango ina haki ya kujua kwamba umeufunga, na mwanafunzi atakayekuja baada yako atapokelewa kwa kadiri ya ulivyoaga wewe.

Yupo mmoja anayestahili kuagwa peke yake: msaidizi wa utafiti. Ndiye aliyejua nyumba ipi ina msiba na isiguswe, swali lipi liulizwe kwa kuzungukwa, kicheko kipi kilikuwa cha aibu. Nyuma ya kina Wilson alikuwapo karani wao Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyefariki mwaka 1938. Miongo mingi ilipita kabla wanazuoni hawajaitazama kazi yake kama mchango wa elimu. Isichukue muda kama huo tena. Msaidizi apewe barua inayoeleza alichokifanya, apewe nakala ya kazi, na kama anaridhia, jina lake liwekwe mahali panapoonekana.

Baada ya hayo yote ndipo kuaga kwenyewe. Hakuagwi kwa kupunga mkono dirishani. Huzungukwa nyumba kwa nyumba, wakubwa kwanza, na kila nyumba ina kiti chake, chakula chake na wosia wake. Kama jirani yuko matangani, safari husogezwa. Huenda vijana wakapiga mganda na akina mama wakacheza kioda. Asubuhi yake mgeni husindikizwa, kwa sababu kumwacha aende peke yake ni sawa na kusema hakuwa na watu. Anayelalamika kwamba kuaga kunakula siku zake bado hajaelewa kwamba siku hizo ni sehemu ya utafiti: hapo huambiwa mambo ambayo dodoso halikuyafikia, maana sasa haulizi kitu.

Na faida yake? Tupande milima iliyo nyuma ya Ngumbo. Wamatengo hulima ngoro kwenye miteremko mikali: nyasi hukatwa na kupangwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, na shamba huwa safu za mashimo yanayoyazuia maji ya mvua yasichukue ardhi. Kuanzia mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walikisoma kilimo hicho kwa makini. Utafiti ulipokwisha mwaka 1997 wangeweza kubaki na makala zao. Badala yake walirudi, na kati ya mwaka 1999 na 2004 walifanya kazi na wanakijiji wa Kitanda na Kindimba. Kindimba kikajengwa kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati yake ikaitwa Sengu, jina la baraza la kale la Wamatengo ambamo watu walikula pamoja na kuamua mambo yao. Walirudi kwa sababu hawakuwa wameukata uzi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ni maneno ya siku ya kupokea. Ukweli wake hupimwa baada ya mgeni kuondoka.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Vyuo vinavyowatuma vijana kwetu viingize kwenye bajeti siku za kufunga kazi na nauli ya kuuleta mrejesho, na visimpe alama kamili aliyekimbia. Na viongozi wetu wa vijiji, siku ya kwanza kabisa, wakishagonga muhuri kwenye barua ya mgeni, wamwulize: “Umetueleza ulivyojipanga kuingia. Sasa tueleze utakavyotuaga.”